Kuunganisha ndege: Saa chache zinavyoweza kula mtaji wa mfanyabiashara

KILA inapofika miezi ya Aprili na Oktoba, wafanyabiashara wengi wa Afrika Mashariki hufunga safari kwenda Guangzhou, China. Wengine hufuata nguo, viatu na vyombo vya nyumbani. Wengine, hasa wanaowauzia wakulima, hutafuta pampu za kumwagilia, mashine za kukamua alizeti na vinu vya kukoboa mpunga. Miezi hiyo ndiyo ya Maonyesho ya Canton, ambayo yamekuwa yakifanyika katika mji huo tangu mwaka 1957.

Kabla ya safari, mfanyabiashara hupiga hesabu ya bei ya bidhaa, gharama za kontena, ushuru wa forodha na chakula. Jambo moja huachwa mikononi mwa wakala wa tiketi, nalo ni muda atakaokuwa nao wa kushuka katika ndege moja na kupanda nyingine. Muda huo ukiwa mfupi, ataachwa na ndege. Ukiwa mrefu mno, atalala kwenye kiti cha uwanja wa ndege na kula chakula cha bei ya juu huku duka lake limefungwa.

Wengi huuliza ni saa ngapi zinatosha. Lakini kuna swali la kutangulia hilo: ndege ya kwanza ikichelewa, nani atalipia hasara?

Tiketi moja au mbili?

Jibu liko kwenye tiketi. Safari yote inapokatiwa tiketi moja, tuseme kutoka Dar es Salaam hadi Guangzhou kupitia Addis Ababa, Doha au Dubai, shirika la ndege ndilo linalobeba jukumu la kumfikisha abiria. Ndege ya kwanza ikichelewa na ya pili ikaondoka, kwa kawaida abiria hutafutiwa nafasi katika ndege nyingine bila kununua tiketi upya. Begi lake nalo huandikiwa lebo ya mwisho wa safari.

Kila uwanja pia una kiwango cha chini cha muda wa kuunganisha ndege, na mitambo ya kuuzia tiketi haipaswi kuuza tiketi moja yenye muda ulio chini ya hapo. Kwa msafiri wa namna hiyo, saa mbili au tatu kwa kawaida zinatosha.

Mambo hubadilika tiketi zinapokuwa mbili zilizonunuliwa mbalimbali. Shirika la pili halihusiki na ucheleweshaji wa shirika la kwanza. Kwa shirika hilo, abiria hakutokea. Tiketi yake inaweza kupotea, na mara nyingi hata safari ya kurudi iliyo ndani ya tiketi hiyo hufutwa.

Zaidi ya hapo, abiria huyo huenda akalazimika kupita uhamiaji, kuchukua begi lake na kuanza upya kwenye kaunta. Akiwa Dubai, kwa mfano, Mtanzania hawezi kutoka kwenda kuchukua begi bila viza aliyoipata mapema. Wako wanaoligundua hilo wakiwa tayari wamefika.

Saa tatu ambazo si saa tatu

Kwa wanaotoka mikoani, kikwazo cha kwanza kipo hapa hapa nchini. Tangu Agosti 2019, safari za kimataifa katika Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere zilihamia Jengo la Tatu la Abiria, wakati Jengo la Pili likibaki na safari za ndani. Majengo hayo hayako chini ya paa moja. Anayetoka Mwanza au Mbeya kwa tiketi yake ya peke yake hushuka, husubiri begi, hutoka nje na kwenda jengo jingine kukaguliwa upya.

Mfano ni wa mfanyabiashara anayetarajia kutua kutoka Mwanza saa 7:30 mchana, akiwa na ndege ya kimataifa saa 10:45 jioni. Kwenye karatasi ana saa tatu na robo, na huona muda huo ni mwingi. Lakini kaunta za safari za kimataifa mara nyingi hufungwa saa moja kabla ya ndege kuruka, kwa hiyo mwisho wake halisi ni saa 9:45. Akitumia dakika 40 kusubiri begi, na dakika 35 kuhama jengo na kupita ukaguzi, atafika kaunta saa 8:45.

Ziada aliyonayo ni saa moja tu. Ndege ya Mwanza ikichelewa kwa saa moja na nusu, safari imekwisha kabla hajaiona China.

Gharama ya unafuu

Tuseme mfanyabiashara huyo ameokoa Sh200,000 kwa kununua tiketi mbili badala ya moja. Akiachwa na ndege, tiketi mpya itamgharimu Sh1,200,000, malazi na chakula Sh200,000, na siku alizopoteza pamoja na miadi ya kiwandani tuziweke Sh600,000. Jumla ni Sh2,000,000.

Ikiwa jambo hilo hutokea mara moja katika safari 10, hasara yake kwa wastani ni Sh200,000 kwa kila safari. Unafuu wote wa tiketi umeishia hapo. Likitokea mara moja katika safari tano, wastani unapanda hadi Sh400,000, yaani kila anapodhani ameokoa laki mbili, kwa kweli anapoteza laki mbili.

Hata wastani huo unamfaa zaidi mwenye kusafiri mara kwa mara, ambaye hasara ya safari moja hufidiwa na faida ya nyingine. Anayesafiri mara moja kwa mwaka, tena kwa mkopo wa benki au wa Vicoba, hana safari nyingine ya kufidia. Kwake milioni mbili zikiondoka, zinaondoka kwenye mtaji, na marejesho hayasubiri. Waswahili husema rahisi huvunja upishi.

Mkulima anaijua hesabu hii. Asiye na akiba hathubutu kumwaga mbegu yote siku ya mvua ya kwanza, kwa sababu ikikatika hana mbegu nyingine. Yuko tayari kungoja siku chache, akijua kungoja nako kuna gharama yake.

Kwa msafiri wa tiketi mbili, kungoja huko ni kufika Dar es Salaam siku moja kabla na kulala nyumba ya wageni. Ikiwa chumba na chakula ni Sh60,000, bado anabaki na Sh140,000 kati ya zile alizookoa, na sehemu kubwa ya hatari imeondoka.

Mvua ya Dubai

Hata tiketi moja haimalizi kila tatizo. Aprili 16, 2024 Falme za Kiarabu zilipata mvua kubwa kuliko zote zilizorekodiwa huko katika miaka 75. Maji yalijaa katika uwanja wa ndege wa Dubai, na zaidi ya safari 1,200 zilifutwa ndani ya siku mbili. Maonyesho ya Canton yalikuwa yamefunguliwa siku moja tu kabla, Aprili 15.

Awamu ya kwanza ya maonyesho hayo, ambayo ndiyo yenye mitambo zikiwamo zana za kilimo, huchukua siku tano. Aliyepanga kupitia Dubai na kufika siku yenyewe ya miadi hakuwa na pa kujitetea, hata kama tiketi mpya hakuilipia. Aliyejiwekea siku moja au mbili za ziada alikuwa na nafasi ya kuokoa sehemu ya shughuli zake.

Saa za kwenye tiketi

Mtego mwingine ni wa kusoma saa. Tiketi huandikwa kwa mtindo wa saa 24 na kwa saa za mji husika. Dubai iko mbele ya Dar es Salaam kwa saa moja, na Guangzhou kwa saa tano, wakati Addis Ababa saa zake ni sawa na za hapa.

Tiketi iliyoandikwa 00:25 ya Aprili 16 maana yake ni saa 6:25 usiku, hivyo abiria anatakiwa awe uwanjani usiku wa tarehe 15. Anayekwenda jioni ya tarehe 16 atakuta ndege iliondoka jana yake usiku.

Kabla ya kulipa

Mfanyabiashara anapokuwa mbele ya wakala, na aulize kwanza kama safari yote ni tiketi moja yenye namba moja ya uhifadhi. Pili, aulize begi litaandikiwa wapi, na siku ya safari asome lebo mwenyewe. Herufi za Guangzhou ni CAN. Tatu, aulize jengo atakaloshukia na atakalopandia. Dubai, kwa mfano, ina majengo matatu ya abiria, na la pili liko ng'ambo ya njia za kurukia ndege.

Nne, aulize ikiwa ndege ya kuunganisha ikimwacha, nyingine ni lini. Penye ndege kila siku, hasara ni ya siku moja. Penye ndege mara tatu kwa wiki, anaweza kukaa siku mbili au zaidi. Inafaa pia kuchagua ndege za asubuhi, kwa kuwa ucheleweshaji hulimbikizana kadiri siku inavyosonga.

Na kama muda wa kusubiri ni mrefu, aulize kuhusu hoteli. Baadhi ya mashirika humlaza abiria wa tiketi moja bila malipo anapokosa ndege ya karibu ya kuunganisha, lakini jambo hilo huombwa wakati wa kununua tiketi, si saa nane za usiku akiwa ameshafika uwanjani na begi mkononi.