Kijiwe cha figo: tembe ya mwenzako huenda isiwe yako

Mpwa wangu anasoma Eldoret. Mwezi uliopita alinipigia simu usiku wa manane, sauti imekatika. "Shikamoo mjomba. Ubavu wa kushoto unanichoma mpaka kinenani, siwezi kukaa wala kulala. Nimekunywa maji majagi matatu, hakuna afueni."

Kulipokucha akapigwa picha. Kijiwe cha milimita 4, kimekwama kwenye mrija wa kutoka kwenye figo, karibu na kibofu. Mwenzake wa chumbani akamletea tembe za tamsulosin za babake anayetibiwa tezi dume. Akaniuliza: ninywe?

Nimesimama nyuma ya kaunta ya kemisti miaka mingi hapa Mombasa, na swali hilo nalijua. Wengine huja wakiwa wamekasirika: "Mke wangu ameandikiwa dawa ya wazee wanaume!" Daktari hakukosea. Tamsulosin hulegeza misuli, na misuli ya aina hiyo haiko kwenye tezi dume pekee, iko pia sehemu ya chini ya ule mrija, kwa wanawake na kwa wanaume. Kijiwe kikikwama, mrija hujibana, mkojo hurudi nyuma na figo huvimba. Maumivu yanatoka hapo. Wazo ni kulegeza njia ili kijiwe kiteleze.

Wazo ni zuri. Je, linafanya kazi?

Mwaka 2015 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Uingereza uliohusisha wagonjwa 1,167. Kuna waliopewa tamsulosin, kuna waliopewa nifedipine, ambayo ni dawa ya presha, na kuna waliopewa tembe tupu isiyo na dawa. Baada ya wiki nne, wasiohitaji matibabu zaidi walikuwa asilimia 81, 80 na 80. Tembe tupu ilienda sambamba na dawa! Wengi wa wagonjwa hao walikuwa na vijiwe vidogo, na kijiwe kidogo mara nyingi hutoka chenyewe.

Miaka miwili baadaye China ikatoa utafiti mkubwa zaidi, wagonjwa 3,296, wote vijiwe vyao vikiwa sehemu ya chini ya mrija. Hapo tamsulosin ilisaidia, lakini faida ilionekana kwa wenye vijiwe vya zaidi ya milimita 5: asilimia 87 walivitoa, dhidi ya 75 kwa tembe tupu. Uchambuzi wa Cochrane wa 2018, uliokusanya tafiti 67, ulielekea huko huko.

Kwa hivyo nifedipine siipendekezi kwa kazi hii. Silodosin, ndugu wa tamsulosin, kwenye tafiti kadhaa imeipiku, ila nyingi ni ndogo. Wanaume waambiwe mapema: inaweza kufanya shahawa zisitoke wakati wa tendo. Haina madhara ya kudumu, lakini nimeona mtu akiacha dawa kwa hofu hiyo. Zote mbili zinaweza kushusha presha, ukisimama ghafla ukaona kizunguzungu.

Kinachosahaulika ni maumivu yenyewe. Utafiti wa Doha, Qatar, wa 2016, wagonjwa zaidi ya 1,600, ulipima sindano ya diclofenac dhidi ya morphine. Ndani ya nusu saa maumivu yalipungua kwa nusu au zaidi kwa asilimia 68 waliopata diclofenac, na 61 waliopata morphine. Mwenye vidonda vya tumbo, figo dhaifu au mimba asiiguse bila daktari. Na yale majagi ya maji hayasukumi kijiwe kilichokwama. Maji ni kinga ya kijiwe kijacho, na baridi ya Eldoret humfanya mtu wa pwani asahau kunywa.

Nilimwuliza mpwa wangu maswali mengine kabla ya yote: una homa? Unatetemeka? Mkojo unatoka? Una figo zote mbili? Kijiwe kikiziba na homa ikaingia, hapo hakuna kusubiri wala tembe, ni kukimbia hospitali kubwa, na kwa Eldoret ile ya Rufaa ya Moi ipo. Mkojo ulionasa pamoja na vijidudu unaweza kuua.

Hakuwa na hata moja. Kwa milimita 4, daktari wake alimpa dawa ya maumivu tu na tarehe ya kurudi kupigwa picha nyingine, kwa sababu maumivu yanaweza kuisha huku kijiwe kikiwa bado kimeziba na figo inaharibika kimyakimya. Nikamwambia akojoe kwenye chujio la chai, akikipata akipeleke maabara kijulikane ni cha aina gani.

Kilitoka siku ya tisa. Tembe zilirudi kwa mzee, ambaye bado anazihitaji.