Butembo: Konfitiri ya nyumbani, kati ya kabati la vioo na giza la stoo

Katika nyumba moja ya komine ya Kimemi, mjini Butembo, mgeni anayeingia saloni haoni kwanza televizheni. Anaona chupa: tatu za marakuja, mbili za nanasi na moja ya frezi, zimepangwa ndani ya kabati la vioo, juu ya kitambaa cha kufuma. Jua la asubuhi likipita dirishani, rangi zinawaka. Mama mwenye nyumba anapenda wageni waulize nani amezipika. Lakini frezi aliyoiweka pale mwezi uliopita imekwisha kugeuka kahawia.

Hapiki kwa mapambo tu. Nanasi linatoka upande wa Beni, marakuja upande wa Lubero, na njia zote mbili zina mashaka: kaskazini kuna mashambulizi ya ADF, kusini kuna vita vya M23, waliochukua Kanyabayonga mwishoni mwa Juni 2024. Kuna juma matunda yanarundikana sokoni na kuuzwa kwa bei ya kutupa. Juma linalofuata hakuna kitu. Anayejua kupika konfitiri hununua siku ya rundo.

Ikipikwa vizuri, haidai frigo kabla ya kufunguliwa, na hiyo ni bahati katika mji ambamo si kila nyumba ina umeme. Sukari inashika maji ya tunda, na ukali wa ndimu au wa marakuja yenyewe unazuia vijidudu. Maadui wake ni mwangaza, joto na hewa. Kwa hiyo rafu iliyo juu ya jiko la makala, ambako wengi wetu tunaziweka, ni mahali pabaya kuliko hata kabati la vioo.

Kuna jambo lingine ambalo vitabu vya mapishi vya Ulaya havitwambii. Butembo uko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,700, na hapa maji huchemka kwenye nyuzi joto 94 hivi, si 100. Chupa tupu ambayo pwani ingechemshwa dakika 10 ili kuua vijidudu, huongezewa dakika 1 kwa kila mita 300 za mwinuko; kwetu inafika kama dakika 16. Na kitabu kikisema upike konfitiri hadi nyuzi 105, usikifuate: huku imeiva kwenye 99 hivi, na anayesubiri 105 atakwangua sufuria. Asiye na kipimajoto adondoshe kidogo kwenye sahani baridi. Ikikunjamana inaposukumwa kwa kidole, inatosha. Inamiminwa ingali moto, kifuniko kinafungwa palepale.

Hatari kubwa iko kwa wanaotaka kuhifadhi maharagi, uyoga au pilipili ndani ya mafuta kwa njia hiyohiyo. Vyakula hivyo havina ukali wa tunda. Mbegu za bakteria ya botulizimu hazifi kwa maji yanayochemka, hata pwani, na sumu yake inaweza kuua bila chakula kubadilika harufu. Pilipili iwekwe katika siki. Maharagi tuyaanike kama wazee walivyofanya. Chupa ambayo kifuniko chake kimevimba itupwe, hata ikiwa nzuri namna gani.

Mama wa Kimemi amepata suluhisho lake. Chupa nyingi ziko ndani ya sanduku la mbao, kwenye stoo yenye giza, kila moja na karatasi yenye jina la tunda na tarehe, za zamani zikiwa mbele. Saloni zinabaki sita tu, na hazikai zaidi ya majuma mawili: Jumapili ya pili zinafunguliwa, zinaliwa na mkate na chai, na nyingine sita zinatoka gizani. Ile frezi ya kahawia watoto waliimaliza mbele yetu. Ladha ilikuwa imepungua, lakini hakuna aliyelalamika.