Gari Limekosa Nguvu Mlimani? Pima Kwanza, Usikimbilie Kununua Kifaa

Unapanda Kitonga, familia ipo ndani, mizigo nyuma. Unakanyaga mafuta hadi mwisho, gari linanguruma lakini haliendi. Nyuma yako lori linapiga honi. Taa ya cheki injini imewaka.

Kesho yake upo gereji. Fundi wa kwanza anasema plagi, unanunua. Tatizo lipo palepale. Wa pili anasema pampu ya mafuta, unanunua. Bado. Wa tatu anakwambia, "Bosi, hapa tufungue injini tu." Hela imeisha na gari bado bovu.

Kabla hujafika huko, elewa jambo moja. Injini ya petroli inataka hewa, mafuta, moto wa plagi kwa wakati wake, mgandamizo ndani ya silinda, na njia ya kutolea moshi. Gari likikosa nguvu, kimojawapo kimepungua. Kazi ni kujua kipi, na hilo linajulikana kwa kupima, siyo kwa kubahatisha.

Kompyuta haikwambii ununue nini

Watu wengi wanadhani gari likipimwa kwa mashine, jibu limepatikana. Hapana. Mashine inakupa namba ya kosa, yaani pa kuanzia kutafuta.

Chukua P0171. Maana yake ni kwamba hewa imezidi mafuta. Injini inahitaji takriban gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu 1 ya petroli. Fundi mwenye haraka akiiona namba hii anasema sensa ya oksijeni imekufa. Kumbe mara nyingi sensa inasema kweli! Mkosaji anaweza kuwa mpira wa hewa uliopasuka kati ya ea klina na injini, sensa ya kupima hewa iliyoshika uchafu, au mafuta yasiyofika kwa presha inayotakiwa.

Utatofautishaje? Mwambie fundi aangalie kwenye mashine asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza. Ikiwa kubwa gari likiwa limesimama linawaka, halafu ikashuka ukikanyaga mafuta, tafuta hewa inayovuja. Ikipanda zaidi pale gari linapofanya kazi nzito, shuku filta au pampu ya mafuta, au ile sensa ya hewa. Hata hapo, apime presha ya mafuta kwa geji kwanza ndipo ununue pampu.

Na kabla namba hazijafutwa, zipige picha. Zikifutwa, ushahidi umepotea.

Gari likimisi

P0301 hadi P0304 zinakuonyesha silinda inayomisi. P0302 ni silinda ya pili. Kwenye gari kama Toyota IST, kila plagi ina koili yake, hivyo kuna kipimo cha bure kabisa: hamisha koili ya silinda ya pili uipeleke ya tatu, kisha tembeza gari. Kosa likihamia P0303, koili ndiyo mbovu. Likibaki P0302, koili ni nzima, angalia plagi, nozeli au mgandamizo.

Angalizo: taa ya cheki injini ikiwa inawaka na kuzima wakati gari linamisi, usiendelee kulikamua. Petroli isiyoungua inaingia kwenye masega, yanapata moto kupita kiasi na kuharibika. Tatizo la koili moja linazaa tatizo la masega.

Gari linawaka vizuri ila halivuti

Hapa angalia masega. Yakiziba, moshi unakosa pa kutokea, na hewa mpya inakosa pa kuingilia. Gari litawaka kama kawaida, litatembea taratibu bila shida, lakini ukifika mlimani linachoka. Fundi anaweza kufungua sensa ya oksijeni ya mbele na kufunga geji hapo, apime presha ya moshi. Ukiona masega yameziba, uliza pia nini kimeyaziba, la sivyo hata mapya yatakufa.

Soma moshi

Moshi mweusi ni dalili ya mafuta mengi kuliko hewa. Wa bluu, injini inaunguza oili. Mweupe mzito usioisha hata injini ikipata moto, huku maji ya rejeta yakipungua, shuku gaskit ya silinda hedi. Mvuke kidogo wakati wa baridi ya asubuhi usikutie presha.

Unaweza pia kununua kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya dashibodi na kusoma namba hizi kwenye simu. Jaribu kwanza kabla ya kulipa, maana baadhi ya gari zilizotengenezwa kwa soko la Japani zinavikataa vile vya bei rahisi.

Siku nyingine fundi akikwambia "nunua kifaa fulani", muulize kwa upole maswali matatu: Umepima nini? Umepata kiasi gani? Kilitakiwa kuwa kiasi gani? Fundi anayejua kazi yake hatakasirika, atakuonyesha. Akishindwa kujibu, weka pochi mfukoni kwanza.