Fahamu: Mashine zinazovuna miti midogo

Ni nini?
Ni kuvuna miti ya kupandwa kwa mashine badala ya chenso. Brazil, mikaratusi ya kutengenezea karatasi huvunwa ikiwa na miaka 6 hadi 7 tu. Kichwa cha mashine hukamata shina, hulikata, hulivuta kati ya magurudumu yenye meno hadi magome yatoke, kisha hulikatakata kuwa magogo.

Udogo una tatizo gani?
Mti mwembamba huchukua karibu muda uleule na mnene, lakini hutoa mbao au magogo machache. Gharama ya kila mita ya ujazo hupanda. Ili kuipunguza, baadhi ya vichwa hukumbatia mashina kadhaa kwa pamoja.

Mufindi na Njombe, Tanzania, je?
Kwa vishamba vya ekari chache kwenye miteremko, mashine hizi kwa kawaida hazilipi. Hata kwa chenso, mkulima, ukiweza, acha mti unenepe kwanza.