Koo Lililopona, Figo Zinazolalamika

Juma hili tunawaelekea ndugu zetu wa Kitui na Makueni, kutoka Mtito Andei na Kibwezi hadi Wote na mji wa Kitui.

Mtoto huumwa koo, akashikwa na homa, kisha akapoa. Baada ya wiki 1 hadi 3 huamka uso umevimba, hasa kwenye kope, na mkojo wake umepungua na kuwa kama chai ya mkandaa. Baadhi yetu husema ni husuda, wengine kichocho. Dua hatuiachi, lakini Mtume wetu (s.a.w.) ametufunza pia kutafuta dawa.

Chanzo huwa ni bakteria waitwao streptokoki. Mwili hutengeneza kinga ya kuwapiga. Kinga hiyo ikishikamana na mabaki yao, hunasa katika chujio za figo na kuzivimbisha. Kwa hiyo daktari huenda akamkuta mtoto koo limepona. Ushahidi uko kwa mama: aseme mtoto aliumwa koo lini. Vidonda vya ngozi pia huleta maradhi haya, baada ya wiki 3 hadi 6.

Hospitalini, mkojo hupimwa kwa kijiti na kwa darubini kutafuta damu na protini. Shinikizo la damu nalo hupimwa. Kipimo cha damu huonyesha kazi ya figo, kinga dhidi ya streptokoki, na protini iitwayo C3. Hii hushuka, na kwa kawaida hurudi sawa ndani ya wiki 8 hivi. Isiporudi, daktari hutafuta ugonjwa mwingine. Kichocho hutambulika kwa mayai yake katika mkojo, wala si kawaida yake kuvimbisha uso.

Mtoto akiumwa kichwa sana, akitapika, akihema kwa shida au akipata degedege, asingojewe hadi kesho. Hospitali za rufaa za kaunti ziko Wote na mjini Kitui, na Makindu pia ina hospitali.

Watoto wengi hupona kabisa. Chumvi ipunguzwe, vinywaji viwe kwa kipimo cha daktari, na mitishamba iepukwe, kwani baadhi yake hudhuru figo. Dawa ya koo aliyoandikiwa imalizwe yote.

Watoto ni amana. Mwenyezi Mungu atuhifadhie. Amin.