Mwanamke Anayekaa Kiti cha Nyuma

Katika makanisa yetu mengi yupo mwanamke anayefika ibada ikiwa imekwisha kuanza, akaketi kiti cha nyuma karibu na mlango, na kuondoka kabla ya baraka. Amejifunga kanga mbili, tatu. Jumapili moja hayupo, ya pili hayupo, na baada ya mwezi hakuna anayemtaja. Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi, na siku za mapumziko tukatembelea wagonjwa pamoja na akina mama wa kanisa, tumewakuta wanawake wa namna hii majumbani, wengine wakilala peke yao katika chumba cha uani. Wana fistula ya uzazi, ambayo wengine huiita nasuri.

Tuieleze kwa lugha ya nyumbani. Uchungu unapokaa siku mbili au tatu bila msaada, kichwa cha mtoto hukandamiza nyama laini za mama kwenye mifupa ya nyonga. Damu haipiti, nyama hufa, na baada ya siku chache hudondoka na kuacha tundu kati ya kibofu na uke, au kati ya njia ya haja kubwa na uke. Mkojo hutoka wenyewe usiku na mchana. Mara nyingi mtoto naye hufa. Basi mama huyu amefiwa, na kabla matanga hayajaisha anaanza kunuka. Mume naye akiondoka, amebaki na nini?

Ndugu msomaji, Injili ya Marko sura ya 5 ina mama aliyetokwa damu miaka 12, akamaliza mali yake yote kwa waganga. Kwa sheria ya Walawi sura ya 15 hata kitu alichokikalia kilikuwa najisi, hivyo kupenya kwake katikati ya watu kulikuwa jambo la kuthubutu. Tunaposoma habari hii tunapenda kusifu imani yake, na ni haki. Lakini mtazame Bwana baada ya damu kukauka. Angeweza kuendelea na safari, maana Yairo alikuwa akimngoja na mtoto wake yu mahututi. Alisimama, akamwita yule mama binti, mbele ya umati uleule ambao kwa sheria ulipaswa kumkwepa. Mwili ulikuwa umekwisha kupona. Kilichobaki ni kumrudisha kwa watu.

Yapo maombi yanayomwumiza mgonjwa wa namna hii. Kumsimamisha mbele, kuutaja ugonjwa wake kwenye kipaza sauti, kisha kumwuliza ametenda dhambi gani au ni nani aliyemroga, hatuwezi kukuita huruma. Siri ya mgonjwa ni siri hata ndani ya sala. Mungu anamjua bila sisi kumtangaza. (Kikundi cha maombi chenye midomo mingi mnakijua wenyewe!) Fistula haitokani na laana. Inatokana hasa na msaada uliochelewa: barabara mbovu, fedha ya gari iliyokosekana, mkwe aliyesema tungoje kidogo.

Ukimtembelea, anza na maji. Wengi hujinyima maji wakidhani mkojo utapungua, kumbe unakuwa mkali zaidi, harufu inazidi na ngozi ya mapaja inaungua. Anywe maji mengi, aoge mara kwa mara, apake mafuta ya mgando. Sisi hupeleka sabuni, vitambaa vya pamba na ndoo yenye mfuniko. Kama amejifungua siku chache zilizopita, aende hospitali mara moja, kwa sababu tundu dogo na jipya huweza kuziba bila upasuaji akiwekewa mpira wa mkojo kwa wiki kadhaa. La zamani huhitaji upasuaji, na miaka 20 ya kulowa haimzuii mtu kutibiwa. Hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam kwa miaka mingi imewatibu wanawake hawa bila kuwatoza, na ilibuni njia ya kutuma nauli kwa simu ya mkononi, kwa kuwa nauli ndiyo iliyowakwamisha wengi. Kule Addis Ababa, Catherine Hamlin, daktari Mkristo kutoka Australia, alifika na mumewe mwaka 1959, wakafungua hospitali ya fistula mwaka 1974, naye akabaki Ethiopia hadi alipofariki mwaka 2020 akiwa na miaka 96.

Si kila tundu huziba kwa upasuaji wa kwanza. Tumesali na mama, tumemsindikiza hadi kwenye basi, akarudi bado analowa. Hapo sala ni ngumu, kwani hakuna ushuhuda wa kutoa Jumapili. Tunaendelea kwenda kwake Jumatano kama kawaida, na sabuni yetu.

Aliyepona naye bado ana kazi. Miezi mitatu au zaidi, kadiri daktari atakavyosema, asikutane na mumewe. Jambo hili ni vema mzee wa kanisa akamweleze mume, maana mke peke yake hatasikilizwa. Asibebe ndoo wala kuni, kwa hiyo akina mama wagawane zamu. Akishika mimba tena, ajifungulie hospitali kwa upasuaji, na fedha ya gari ya siku hiyo ianze kuwekwa kwa mtunza hazina tangu mimba ingali changa.