Bura mbili, Uhura wawili

Je, msomaji, ukimwambia dereva akupeleke Bura, atakufikisha ipi? Kuna Bura ya Tana River, magharibi mwa mto, walikopelekwa wakulima katika miaka ya 1980 kulima pamba kwa maji ya mifereji. Kuna pia Bura ya Garissa, huko Fafi, ng'ambo ya mashariki, ambako mali ya mtu aghalabu ni ngamia na mbuzi. Jina ni moja na mto ni mmoja, lakini maisha ni mawili. (Ya tatu iko Taita, na hiyo tuiache isije ikatuvuruga.)

Ukilishika hilo, hutatatizika na jambo linalowachanganya watazamaji wengi wa Star Trek, mchezo wa runinga ulioanza kuonyeshwa Marekani Septemba 8, 1966. Humo inasemekana kwamba kando ya ulimwengu huu uko mwingine, wenye watu wale wale na majina yale yale, ila mioyo imegeuzwa.

Nasi Waswahili tumo ndani. Afisa wa mawasiliano wa chombo hicho cha angani ni Uhura, mwanamke mweusi aliyeigizwa na Nichelle Nichols, na jina lake limetokana na neno letu "uhuru". Katika sehemu ya kwanza kabisa iliyoonyeshwa, zimwi linalojibadilisha sura linamjia likiwa mwanamume na kumsemesha kwa Kiswahili!

Ulimwengu wa pili ulionekana mara ya kwanza Oktoba 6, 1967, katika sehemu iitwayo "Mirror, Mirror". Nahodha Kirk, Uhura na wenzao wawili wanarejeshwa chomboni kwa mtambo unaosafirisha mwili kwa miale. Tufani ya angani inauvuruga mtambo, nao wanatua kwenye chombo kisicho chao, huku wenzao waovu wakitua kwao. Huko hakuna Shirikisho la amani bali Himaya. Afisa hupanda cheo kwa kumuua mkubwa wake, na anayekosea huteswa kwa kifaa maalumu. Spock ana ndevu. Hata Uhura hana budi kubeba kisu.

Hapa hadithi inapwaya kidogo. Ikiwa watu huko wanauana ovyo, wazazi wa Kirk walikutanaje wakamzaa Kirk yule yule? Lakini swali la maana zaidi ni jingine: je, wale ni waovu kwa asili au wamelelewa na ulimwengu wao? Kirk anaamini la pili, ndiyo maana kabla ya kurudi kwao anamsihi Spock mwenye ndevu aibadilishe Himaya. Spock anaahidi kulifikiria.

Watazamaji walingoja hadi 1994 kujua yaliyofuata. Katika mchezo wa Deep Space Nine ikabainika kwamba Spock alitimiza ahadi. Alishika uongozi, akalegeza mkono wa chuma, akapunguza silaha. Adui wakaungana, wakawavamia wanadamu na kuwatia utumwani. Kwa maoni yangu, hakuna sehemu ya hadithi hizi yenye uchungu kuliko hiyo. Ushauri ulikuwa mwema, na wanadamu wakaishia kuwa watumwa.

Filamu ya 2009 ina ulimwengu wa namna nyingine, na hapa ukumbuke tabia ya Tana ya kubadili mkondo. Nero, Mromulani mwenye kisasi, anatoka mwaka wa 2387 na kuibukia 2233, ambako anashambulia chombo anamofia babake Kirk siku Kirk anapozaliwa. Tangu hapo historia inachepuka. Tofauti na mto wetu, mkondo wa zamani haukauki. Unaendelea kutiririka kivyake, ndiyo sababu mchezo wa Picard wa mwaka wa 2020 ungali unafuata huo wa kwanza. Kwa hiyo huu mpya ni tawi, ilhali ule wa Spock mwenye ndevu ni ng'ambo.

Ipo pia sehemu ya mwaka wa 1993 ambamo vyombo zaidi ya laki mbili vinatokea angani kwa pamoja, kila kimoja na ulimwengu wake, lakini hiyo ni vurugu tupu.

Nichols mwenyewe nusura aache mchezo baada ya msimu wa kwanza. Aliyemzuia ni Martin Luther King, aliyemweleza maana ya mtu mweusi kuonekana akiwa afisa katika siku za usoni. Angeondoka, kile kisu cha "Mirror, Mirror" kisingekuwa mkononi mwake. Alifariki Julai 30, 2022.

Katika tawi la 2009, Uhura aliigizwa na Zoe Saldaña. Kirk anamwona baani, anamuuliza jina lake la kwanza, naye anakataa katakata kulitaja. Baadaye sana, Spock akiagana naye, linamtoka bila kificho mbele ya Kirk: Nyota.